Krismasi ya Jasho na Mbuzi Mmoja

Jumamosi, 20 Desemba

Nimefika Mombasa. Niko hai. Zaidi ya hapo siahidi kitu.

Joto! Nimeshuka basi nikiwa na koti langu la Makete, lile zito lenye manyoya ndani, na sweta chini yake. Kondakta akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia na najua ninachokifanya. Kwetu Makete Krismasi ni ukungu, mvua, na kuota moto jikoni. Huku Desemba ni kaskazi, jua linawaka mpaka paka wamejilaza chali kwenye vivuli, hata panya hawana habari nao. Jambo hili nimelifundisha kidato cha pili kwa miaka. Kumbe nililifundisha bila kuliamini.

Mwenyeji wangu ni Khubaib, seremala wa milango ya nakshi. Alikuja kwetu kutafuta mbao, akakaa nyumbani kwetu mwaka mzima, akawa ndugu. Akasema safari hii ni zamu yangu kuvuka mpaka. Nyumba yao iko Kuze, ndani kabisa ya Mji wa Kale. Ngazi nyembamba, mkikutana wawili mmoja lazima arudi alikotoka. Juu anakaa mama yake, Bi Mishi, mjane, mwenye nyumba, sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za mashamba, za mvua, za safari. Kisha akalitazama koti na kusema pole, mwanangu.

Chini amepanga Kasyoka.

Nivute pumzi kabla ya kuandika.

Kasyoka ni Mkamba, karani katika ofisi za reli. Ameishi kwa Bi Mishi mpaka wanagombana kama mama na binti. Wenzake wa bara wamepanda treni na mabasi kwenda kula sikukuu makwao, yeye kabaki zamu. Jioni alipanda juu na jagi la maji ya ukwaju. Akanimiminia glasi. Akalicheka koti langu. Basi, nimekwisha! Mimi huyu, mseja niliyekwisha kukata tamaa, nimeangushwa na glasi moja ya ukwaju.

Nikamwuliza Khubaib kisirisiri kama dada huyu ana mtu. Akacheka, akasema wameuliza wengi. Jibu la Kasyoka ni lile lile kwa wote. Mama yake mzazi ametangulia mbele ya haki, mama yake sasa ni Bi Mishi, na mwanamume ambaye Bi Mishi hajala chakula chake, yeye hana jibu la kumpa. Na Bi Mishi hali chakula ovyo, akaongeza Khubaib.

Chakula tu? Chakula! Nilidhani atataka ghorofa. Nitamlisha Bi Mishi kabla Krismasi haijakwisha, na jibu nitalipata.

Jumapili, 21 Desemba

Siku mbaya. Niandike upesi nilale.

Kasyoka ni mwimbaji wa kwaya. Hila yangu ilikuwa rahisi: nijiunge na kwaya, nisimame karibu naye, anione mtu wa heshima. Nikavaa suti ya sufu. Khubaib akaniangalia, akasema huko kanisani feni ni moja na inazunguka ikijisikia. Nikamwambia mtu wa heshima hapimwi kwa feni.

Kwenye kwaya nikamkuta Dancan Ogutu. Anaendesha kreni bandarini. Kifua kama mlango wa ghala, sauti ya besi inayotikisa madirisha. Anasimama nyuma ya Kasyoka tu, kana kwamba amepapanga pale. Wanachekeana! Akipiga noti ya chini, Kasyoka anatikisa kichwa kwa raha. Nikamchukia mtu yule kabla sijamaliza kumpa mkono.

Ubeti wa kwanza nikaenda vizuri. Ubeti wa pili nikaanza kuona nyota. Katika kiitikio, "Amezaliwa," nikaanguka.

Walinihadithia baadaye. Dancan alinibeba begani kama gunia la viazi, akanitoa nje huku akiendelea kuimba. Hakukosa hata noti moja! Watu wakapiga makofi. Nilipofumbua macho, Kasyoka alikuwa ananipepea na karatasi ya nyimbo. Ningefurahi. Lakini kwa mkono wa pili alikuwa anampepea bibi kizee mmoja aliyezimia kwa kuniona mimi nimezimia.

Dancan akanivua tai, akanipa maji, akaniambia ndugu yangu, huku tunavaa shati tu. Hakuna kitu kinachoudhi kama mshindani mwenye huruma.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeamka na nguvu mpya. Kwaya haikuwa njia. Masharti ni chakula, kwa nini nilihangaika na besi? Leo leo Bi Mishi ale.

Shida ni kwamba mapishi ya Waswahili wa hapa siyajui. Kwetu mwanamume anajua kuchoma na kuchemsha. Hawa wana nazi, bizari, iliki, pilipili za kila namna, na kila kimoja kina wakati wake wa kuingia chunguni. Kwa hiyo nikawaza. Nikatoka kimya kimya mpaka Makadara, nikamkuta mama mmoja aitwaye Nyevu anakaanga viazi karai. Vya manjano, vimevikwa unga vizuri, na chatne ya ukwaju pembeni. Nikanunua. Nikarudi mbio, nikavipanga kwenye sahani ya nyumbani. Nikajipaka unga mashavuni. Nikakaanga kitunguu kimoja ili jiko linuke kazi. Nikapanda juu.

Bi Mishi akapokea sahani kwa mikono miwili. Akatazama. Akachukua kiazi kimoja, akachovya kwenye chatne, akanusa tu. Hakula! Akaniambia kwa upole kwamba ni vizuri, na kesho nikipita Makadara nimsalimie Nyevu, na nimwambie chatne ya leo kazidisha chumvi.

Nilitamani ngazi zinimeze. Nikauliza alijuaje. Akasema Nyevu amempelekea viazi tangu Khubaib anatambaa.

Kisha, kwa kunifariji, akasema mpishi hodari wa bara anayemjua ni Dancan. Kila Krismasi humletea sinia la pilau la mbuzi, naye hulila mpaka vidole. Hulila! Kila Krismasi! Kwa maana hiyo Dancan ametimiza sharti zamani, anangoja tu siku ya kufungua kinywa. Nikashuka ngazi. Kasyoka alikuwa mlangoni kwake anafua, akaniuliza unga huu mashavuni wa nini. Nikasema ni wa kuzuia jua.

Jumanne, 23 Desemba

Mbuzi kwa mbuzi. Hakuna njia nyingine.

Nimempata! Nyuma ya Makadara nikamkuta Ngumbao, muuza mbuzi kutoka Kaloleni, ameketi na beberu mmoja mweupe mwenye ndevu za kiprofesa. Bei yake ilinishinda papo hapo. Nikaanza kuondoka. Akanishika mkono, akauliza lile koti nililolikunja kwapani ni la nini. (Nimelibeba kila niendapo kwa sababu chumbani linatoa harufu.) Kumbe mwanawe amepata kazi ya ulinzi Limuru, kila usiku anapiga simu analia baridi. Nikamwambia koti hili limelala na barafu ya Makete na halikutikisika. Nikatupia na sweta. Tukapeana mikono. Koti likaenda, mbuzi akaja. Nani alisema nilikosea kubeba koti?

Kumpeleka nyumbani ndiko kulikokuwa vita. Charo wa tuk-tuk alikataa kata kata, akasema kiti chake kipya. Nikamwambia mbuzi atakaa mapajani mwangu. Tukaingia vichochoro vya Mji wa Kale, nikamwinamisha kichwa ili Dancan na watu wake wasimwone. Nilitaka iwe siri. Beberu hakutaka. Akatoa kichwa nje akawa analia kila kona, barazani watu wanaitika, watoto wa madrasa wanakimbia nyuma yetu. Tulipofika mlangoni mtaa wote wa Kuze ulijua Mwalimu ana mbuzi. Bi Mishi alikuwa dirishani juu, akasema mashallah, mnyama mzuri huyo.

Mashallah! Nimeanza kushinda.

Nikamfunga kwenye karakana ya Khubaib kwa saa chache. Akala karatasi ya nakshi ya mlango wa mteja, mchoro wote, maua na mizabibu. Khubaib akasimama akitazama kipande kilichobaki mdomoni mwa mnyama. Akasema alhamdulillahi, hakula mlango. Akaenda kuchora upya. Mtu huyu ana subira ambayo wakati mwingine inanikera.

Jumatano, 24 Desemba

Joto halina adabu. Nimeoga mara nyingi mpaka Bi Mishi ameuliza kama ninaogelea.

Kasyoka ameleta tawi la mvinje, amelisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, amelitundikia nyuzi za rangi. Mti wa Krismasi wa pwani! Unanukia bahari. Bi Mishi mwenyewe akashuka, akatoa shanga zake za zamani, akazitundika kwenye tawi la juu, akarudi nyuma kutazama na kichwa kimeinama upande. Wakacheka wote wawili. Nilisimama mlangoni nikajisikia vizuri kupita kiasi. Nataka maisha haya. Nimeyaandika ili yasinitoroke: nayataka.

Nimemtangazia Bi Mishi kwamba kesho mchana nitaandaa mbuzi, na awe mgeni wangu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akakubali! Akasema atatoa sinia lake la shaba, lile la Idi, na atanisagia bizari kwa mkono wake. Kasyoka akasikia. Akanitazama mara mbili. Sikukosea, ni mara mbili.

Kasoro moja tu. Jioni Khubaib akaniambia kesho baada ya swala ya alfajiri atakwenda kwanza Makadara, anakokaa Dancan, kumchinjia mbuzi wake, kwa sababu Dancan aliwahi kumwomba. Kisha atarudi anichinjie wangu. Akanisihi nimsubiri, nisiguse mnyama. Alirudia. Nisiguse!

Nimeudhika. Kwanza, Dancan mbele, mimi nyuma. Pili, kwani mimi sijui kuchinja? Kwetu nikishika kisu watu wanakaa kando. Anadhani mwalimu mikono yake ni ya chaki tu. Au naye anataka sehemu ya sifa, ili Bi Mishi akisifu nyama amsifu mwanawe. Nimemjibu sawa, sawa, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa.

Na pilau la Dancan likifika mezani kabla ya nyama yangu? Bi Mishi atashiba. Jibu litakuwa la Dancan. Sitalala leo.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Ee Mungu wangu.

Niandike kwa mpango.

Alfajiri Khubaib akatoka na kisu chake. Jua likapanda. Khubaib haji. Kasyoka alikwenda zamu ya asubuhi, akasema mchana atakuwa nyumbani na njaa ya siku mbili. Khubaib haji. Jua likawa kali, mbuzi analia, mkaa umewaka, bizari ya Bi Mishi iko kwenye bakuli inaningoja. Nikaona picha yote: huko Makadara wameshachinja, wanapika, wanacheka, sinia liko njiani.

Nikasema liwalo na liwe. Nikamtoa mbuzi uani. Nikamchinja mwenyewe.

Na nilichinja vizuri! Mkono mmoja, bila purukushani. Nikachuna, nikakata, nikapaka bizari na ndimu, nyingine nikachoma, nyingine mchuzi. Nyumba nzima ikanukia. Majirani walipita polepole makusudi. Kasyoka akarudi, akavaa gauni la kitenge la kijani, akatandika mkeka. Bi Mishi akashuka na sinia la shaba linalong'aa kama mwezi. Nikalipanga mwenyewe, wali katikati, nyama juu, kachumbari pembeni. Dancan hajafika! Nimemtangulia!

Tukaketi. Bi Mishi akanawa. Akasema bismillahi. Akanyoosha mkono kwenye paja la mbuzi, mimi natazama vile vidole kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Kisha akasita. Akauliza Khubaib yuwapi, si vizuri kuanza bila yeye alochinja.

Nikaona nafasi yangu ya kung'ara. Nikajipiga kifua. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Khubaib hakuchinja, nimechinja mimi, kwa mkono wangu huu!

Mkono wa Bi Mishi ukabaki pale juu ya sinia. Haukurudi ghafla. Ukarudi taratibu, ukatulia mapajani. Kasyoka akafunga macho. Hapo ndipo nilipokumbuka. Hapo tu! Jambo ambalo mtoto mdogo wa mtaani Tanzania analijua, ambalo kila harusi tunafanya, tunamwita Mwislamu achinje ili watu wote wale. Mimi nimelisahau kwa wivu. Mbuzi mzima, na mwenye nyumba hawezi kuonja hata tone la mchuzi!

Nikafikiri harakaharaka. Nikafungua kinywa kusema nilitania, alichinja Khubaib. Mlango ukafunguka, Khubaib akaingia, shati limechanika, jasho linamtiririka, kisu kimeoshwa na kufungwa gazetini. Mbuzi wa Dancan alikata kamba, wakamfukuza Makadara nzima, walipomkamata Khubaib akamchinja, kisha akakimbilia kwangu bila hata kunywa maji. Akatazama sinia. Akanitazama. Akasema Mwalimu, si nilikwambia unisubiri?

Nikamwuliza, kwa hasira kwa sababu aibu ikizidi kwangu inageuka hasira, mbona mwaka mzima Makete hukusema? Mama yangu alikuchinjia majogoo kila wiki. Akasema alikuwa mgeni, hakutaka kumhangaisha mama wa watu. Ndiyo maana alikuwa anakula maharage. Nikasema nilidhani unayapenda maharage! Akajibu kwa utaratibu kwamba maharage hayapendi hata kidogo, hajayapenda tangu azaliwe.

Mwaka mzima. Kila siku. Na mimi nilikuwa namwongezea.

Bi Mishi ndiye aliyetuokoa. Akasema leo ni sikukuu ya Kasyoka na ya mgeni, basi wale na washibe, na nyumba hii haijapata kumuaibisha mtu kwa sababu ya kitoweo. Akaomba embe na kipande cha mkate wa mofa. Akaketi nasi mpaka mwisho, akila embe lake. Ningepigwa ningepata nafuu zaidi.

Alasiri Dancan akaingia na sinia la pilau limefunikwa kawa. Bi Mishi akala. Nikaona kwa macho yangu, tonge baada ya tonge. Dancan akamshukia mbuzi wangu kwa mikono miwili, akaapa hajala nyama tamu hivyo tangu aje pwani, na akawaita wenzake wa kwaya waliobaki mjini waje wamsaidie. Nyuma yake alikuja mwanamke mnene mchangamfu na watoto. Dancan akatujulisha. Huyu ni Janet, mke wake, amefika asubuhi na basi la kutoka nyumbani.

Mke wake!

Nikamwuliza Kasyoka kwa kunong'ona kama alijua. Akasema kila mtu anajua, yeye ndiye aliyeshona gauni la ubatizo la mtoto wao wa mwisho. Akaniuliza kwani mimi nilidhani nini. Nikatoka, nikakaa ngazini, nikalia. Nilimwua mbuzi kushindana na mtu ambaye hakuwa kwenye mashindano. Na Bi Mishi hakula.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimeshinda ndani nikiona haya. Khubaib amekwenda swala ya Ijumaa, akarudi na halua na kahawa chungu, akaniwekea mlangoni. Nikamwomba radhi kwa maharage. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alasiri nilikuwa nateremka, Kasyoka anapanda, tukakutana katikati ya zile ngazi. Nikageuka nirudi. Akasema simama hapo hapo. Nikasimama. Akasema usiku mzima amecheka mpaka mbavu zinauma. Akasema pia kwamba Bi Mishi amenisema vizuri. Nikashtuka. Alisema wanaume wote waliokuja kuuliza habari za binti yake walikuwa na maneno matamu, lakini huyu mwalimu alipoulizwa nani kachinja alijibu ukweli, na kwa sauti, kabla hajajua ukweli unamgharimu nini. (Sikumwambia kwamba nilikuwa tayari kusema uongo, kinywa kilikuwa wazi. Mambo mengine ni ya kitabu hiki tu.)

Kisha akasema maneno haya. Nayaandika kama alivyoyasema, yasinipotee. Jumapili mchana Khubaib atakuwa Malindi harusini. Watakuwa yeye na Bi Mishi tu. Nije jikoni. Atanionyesha kukuna nazi na kutia chumvi, nitapika mwenyewe wali wa nazi, chungu kidogo, cha watu watatu. Nisilete nyama. Nisilete mtu. Nisilete kitu chochote, nije mikono mitupu, nitulie. Bi Mishi akila, yeye Kasyoka atakuwa na neno la kuniambia.

Neno! Na jinsi alivyolisema alikuwa anatazama ukuta, na masikio yake yamekuwa na rangi nyingine. Nilishuka ngazi bila kuzigusa. Nina furaha. Nina furaha ya kijinga, natembea chumbani nacheka peke yangu.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimelala juu ya jambo hili, nimeamka na akili.

Mikono mitupu! Ni mtihani, si bure. Mwanamke gani anayemaanisha mikono mitupu? Alitaka kuona kama mimi ni mtu wa kutii tu au ni mtu wa kufikiri. Na wali mtupu wa nazi kwa mama mkwe mtarajiwa? Nikienda hivyo nitaonekana bahili. Hapana. Jogoo mmoja wa kienyeji, wa kupaka nazi. Surpraizi ndogo.

Na makosa ya Alhamisi nimeyachambua kiwalimu. Kosa lilikuwa nini? Nilimtegemea mchinjaji mmoja, naye akachelewa. Basi! Dawa ni kuwa na wengi. Khubaib hayupo kesho, kwa hiyo baada ya alasiri nimezunguka Kuze yote. Nimemwomba muuza kahawa wa barazani. Amekubali. Nikafikiri, je akichelewa? Nikamwomba fundi cherehani wa kona. Amekubali. Nikamwomba mzee wa duka la viungo, na wanawe, na muadhini, na yule anayenoa visu. Wote wamekubali kwa moyo mweupe. Watu wa hapa wana utu sana. Kila mmoja akauliza chakula kitakuwa wapi, nikasema kwa Bi Mishi, karibuni nyote. Maalim wa madrasa akauliza kama aje na wanafunzi wake. Nikamwambia ataniudhi akiwaacha.

Magharibi Kasyoka ameninasa mlangoni. Akaniuliza kwa nini muuza kahawa amemshukuru kwa mwaliko. Nikamkonyeza. Nikamwambia aniachie mimi kila kitu, safari hii nimefunga kila tundu. Akaingia ndani, akafunga mlango, na tangu hapo nasikia sauti kwenye ukuta. Anacheka au analia, sijui, kuta za mawe ya matumbawe ni nene. Nadhani ni furaha.

Kesho Bi Mishi akiuliza nani alochinja, mtaa mzima utamjibu kwa pamoja! Siwezi kushindwa. Nimejifunza.

Limebaki jambo dogo tu. Jogoo mwenyewe bado sijamnunua.